Nilipanda Kilimanjaro kwa fedha ya dagaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba kupanda Mlima Kilimanjaro ni anasa ya Wazungu, na kwamba Mtanzania mwenye watoto wa kusomesha hana sababu ya kutoa fedha yake akaumwe kichwa kwenye baridi. Barua yake niliikuta imefungiwa vitumbua. Kijana mmoja pale Kibirizi, mwalo wetu wa dagaa hapa Kigoma, aliikunjua, akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake huku akinitupia jicho, maana mwalo mzima unajua nilikokwenda Septemba iliyopita.

Mimi ni mama wa dagaa. Nina miaka 51, na 27 kati ya hiyo nimeimaliza juani nikianika, nikigeuza na kupakia magunia ya kwenda Tabora, Shinyanga na hata Dar es Salaam. Sijawahi kuwa mwanamichezo. Goti la kulia huniuma mvua zikikaribia. Lakini nimesimama kwenye Kilele cha Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, na nilichokiona njiani siwezi kukiita anasa.

Binti yangu wa kwanza, Zawadi, ameolewa Marangu. Mara ya kwanza nilikwenda huko kumtunza alipojifungua. Siku mbili za mwanzo sikuona kitu, mawingu tu juu ya migomba. Siku ya tatu alfajiri nilitoka na beseni la nguo za mtoto, binti akaniambia, "Mama, mlima umefunguka." Nikatazama pale ninapojua milima hukaa, juu kidogo ya miti. Hakuna. "Inua macho zaidi, mama." Nikainua, mawingu. "Zaidi." Juu ya mawingu, mahali ambapo mimi ningetafuta mwezi, kulikuwa na ardhi. Ardhi yenye weupe. Nilisimama na beseni langu mpaka maji yakapoa.

Sisi watu wa ziwa tunakua tukijua kina. Ziwa Tanganyika lina mita 1,470 kwenda chini, na mvuvi akidondosha kitu katikati haulizi tena kimekwenda wapi. Urefu wa kwenda juu hatukuuzoea. Mkwe wangu, ambaye ni mwongozaji mlimani na mtu wa kusoma, alinieleza kwamba ziwa letu na mlima wao ni watoto wa tumbo moja: ardhi ya Afrika Mashariki ilipovutwa huku na huku ikapasuka, upande wetu ikazama likatokea ziwa, upande wao mawe yaliyoyeyuka yakapanda yakajenga mlima. Sakafu ya ziwa letu iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Nilipojumlisha na mita za Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, nikapata kama 6,600. Nikajiambia, nusu moja ya jambo hili nimeishi nayo maisha yangu yote, nusu ya pili lazima niione.

Ilinichukua miaka mitatu. Nilianza na kibubu, kisha nikahamishia kwenye hisa za VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kwa anayehofia gharama niseme hivi: ada ya hifadhi kwa raia wa Tanzania hulipwa kwa shilingi na ni ndogo sana kuliko ya mgeni. Fedha nyingi inakwenda kwa watu, yaani mwongozaji, mpishi na wale wapagazi ambao mlimani huitwa wagumu. Koti nililipata hapahapa Kigoma, kwenye mitumba ya soko la Mwanga. Makoti mazito hukaa pale miezi bila kuguswa kwa sababu ya joto letu, na muuzaji alinishukuru kana kwamba nimemtua mzigo. Viatu na begi la kulalia nilikodi Moshi.

Huko Moshi liko jambo lililoniuma. Niliingia katika ofisi moja ya safari za mlimani, nimevaa khanga yangu na kikapu mkononi. Dada wa mapokezi akaniuliza kama natafuta kazi ya jikoni. Nikamwambia nataka kupanda. Akasema niende nikamlete mgeni wangu, yaani huyo Mzungu atakayelipa. Sikumjibu vibaya. Lakini mwandishi wa barua ile ajue kwamba maneno yake, akiyasema yeye Mtanzania, ndiyo yanayomfanya binti kama yule asiweze kumwona mama wa Kitanzania kuwa mpanda mlima.

Mkwe wangu angeweza kuniongoza mwenyewe, ila kwetu mkwe na mama mkwe wana mipaka yao. Mlimani mtu hushikwa mkono, husukumwa mgongoni, hufungwa kamba za viatu. Hayo si ya mkwe. Akanikabidhi kwa mzee wa Marangu aliyemfundisha kazi, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaniita Mama Zawadi tangu getini mpaka tuliporudi. Pale getini alinisimamisha kwanza, akanitajia jina la Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa Marangu anayekumbukwa kwa kuwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. "Ukisikia Mzungu wa kwanza," akasema, "uliza na aliyekuwa mbele yake."

Siku ya kwanza ni msitu. Nilidhani naujua msitu, lakini huu unatiririka. Kila tawi limevaa mimea midogo ya kijani kama manyoya, maji yanadondoka hata mvua isiponyesha, na mbega wanaruka juu na mikia yao meupe kama vitambaa. Kuna ua dogo jekundu lenye njano, limejikunja kama mkonga wa tembo, ambalo halioti kokote duniani ila kwenye mlima huu. Hapo nilimuuliza mzee swali ambalo nimelisikia mara nyingi redioni: theluji ikiisha, watu wa Moshi watakunywa nini? Akapiga shina la mti kwa fimbo. Sehemu kubwa kabisa ya maji, alisema, hutoka hapa, kwenye mvua na ukungu unaodakwa na msitu. Theluji inachangia kidogo sana. Ukitaka kuwaua watu wa chini kwa kiu, kata miti hii. Nilifikiria vilima vyetu vya Kigoma vinavyokatwa mkaa, nikanyamaza mpaka tukafika vibanda vya Mandara, kama mita 2,700.

Siku ya pili miti inaanza kufupika. Inageuka vichaka vyenye ndevu za kijivu zinazoning'inia, halafu vichaka navyo vinaisha, unatoka kwenye uwanda wa majani makavu na upepo. Mzee alisema kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi sita hivi. Nilikuwa naisoma hesabu hiyo kwenye vidole vyangu. Tulilala Horombo, mita 3,720, usiku mbili, ili mwili uzoee.

Huko Horombo ndiko nilikokutana na mimea ambayo bado naiota. Upo mmoja mrefu kuliko mtu, shina nene, kichwani majani kama kabichi kubwa. Majani yake yakifa hayadondoki. Yanajilaza kwenye shina, tabaka juu ya tabaka, yakawa blanketi linalozuia shina lisigande. Na upo mwingine, lobelia, unaoota chini penye unyevu. Mchana unafungua majani yake kwa mduara, katikati kuna maji. Jua likishuka unayafunga kama mtu anayekunja kanga kifuani, akifunika kichipukizi kilicho ndani. Usiku wa pili nilishindwa kulala, nikatoka na tochi kuutazama. Ulikuwa umefungwa. Asubuhi nilirudi. Juu ya maji yake kulikuwa na kioo cha barafu, nikakigonga kwa ukucha, chini yake maji yalikuwa hai. Mzee alinikuta nimepiga magoti. Akaniambia hapa kila siku ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe, na mmea usiojua kujifunika hauishi. Nimelea watoto watano, wawili kati yao wakiwa wachanga wakati baba yao yuko ziwani. Niliuelewa mmea ule.

Wagumu walikuwa wapishi wazuri, lakini niliwaletea zawadi yao: debe la dagaa wa Kigoma, wale wa kung'aa, niliowakausha mwenyewe. Tulikula na ugali jioni zote. Vijana hawa wanabeba mizigo ya watu mgongoni na kichwani, kisheria isizidi kilo 20, wanakupita njiani kwa mwendo ambao wewe huna, na ukifika wameshachemsha chai. Wengine viatu vyao havikunifurahisha hata kidogo. Anayepanda ahakikishe anajua wagumu wake wanalipwa nini na wanalala wapi. Hilo nalisema kwa Wazungu na kwa Watanzania.

Kutoka Horombo kwenda Kibo unavuka jangwa. Mahali fulani kuna kibao cha maji ya mwisho, kisha ni mawe na vumbi kati ya vilele viwili, Mawenzi nyuma yako umechongoka kama meno, Kibo mbele mviringo na mpole. Upole ule ni wa kutazama tu. Kibanda cha Kibo kiko mita 4,700 na ushee, na mpishi alinionyesha kitu ambacho kila mama angetaka kukijua: maji yanachemka pale yakiwa na nyuzi kama 85 tu. Yanatokota vizuri, lakini moto wa kutosha hayana. Maharage ukiyaweka jikoni jioni, asubuhi yatakuwa bado mawe.

Tulianza kupanda karibu na saa sita usiku, na mwezi ulikuwa mpevu. Hapa naomba wasomaji wasio wa ziwani wanielewe. Kwetu dagaa huvuliwa gizani. Mvuvi huwasha taa, zamani karabai, siku hizi hata za sola, dagaa wakafuata mwanga. Mwezi ukijaa ziwa lote linakuwa taa, samaki wanatawanyika, mitumbwi inalala mchangani na wanaume wanashona nyavu. Mbalamwezi kwetu ni likizo, na kwa mama wa dagaa ni siku za kukopa unga dukani. Mlimani ni kinyume. Watu hupanga safari zao ili usiku wa kileleni uangukie mwezi mpevu, waone njia.

Niliinua uso nikaona juu yangu, kwenye ukuta mweusi wa mlima, mstari wa taa. Zilikuwa taa za kichwani za waliotutangulia, ndogo, za manjano, zinasogea taratibu mno. Nimetazama taa za namna ile usiku wa maisha yangu yote, nikiwa mchangani na mtoto mgongoni, nikihesabu ipi ni ya baba yake. Nilijua kwamba usiku uleule hapakuwa na taa hata moja ziwani kwetu. Ilikuwa kana kwamba zote zimeondoka Kibirizi zikaja kutia nanga hapa angani. Nililia, na si kwa uchovu, maana uchovu ulikuwa bado haujafika.

Ulifika baadaye. Njia ni changarawe laini. Unapiga hatua moja, nusu yake inateleza kurudi. Hewa ya juu ni ileile tunayovuta hapa chini, lakini imekuwa nyepesi kiasi kwamba karibu na kilele kila pumzi inakuletea nusu tu ya unachokizoea. Kichwa kiliniuma, chakula sikukitaka. Maji ya chupa yaliganda mdomoni mwa chupa. Mzee alikuwa akinisemesha kila mara, anauliza bei ya gunia, anauliza jina la mjukuu. Baadaye alinieleza kwa nini. Nikiweza kujibu, mwendo ni sawa. Nikishindwa kujibu, nimekimbia. Nikijibu ovyo, tunashuka hapohapo. Tulikutana na kijana mmoja mwenye misuli aliyepanda siku zote kwa haraka akitucheka wazee. Alikuwa anashushwa, anatapika na hawezi kusimama, na kule chini wangemlaza kwenye machela ya gurudumu moja. Dawa yake ilikuwa kushuka, na aliposhuka alipona. Mwandishi wa barua ana haki ya kuogopa. Mlima huu umeua watu, na anayesema ni matembezi tu anadanganya. Hofu yake lakini ina tiba, nayo ni siku moja zaidi Horombo na mwongozaji asiye na haraka.

Gilman's Point, mita 5,685, tulifika jua likichomoza. Mawenzi, uliokuwa juu yetu siku mbili, ulikuwa chini, na jua likatoka nyuma yake kama kaa jekundu kutoka jikoni. Mawingu yalikuwa yametanda chini kotekote, mawimbi juu ya mawimbi. Ni ziwa, nikasema. Mzee akasema wageni wengi husema ni pamba.

Kutoka pale unafuata ukingo wa bakuli kubwa la volkano mpaka Uhuru. Na kuna barafu. Nilitegemea kitu kama kilichomo kwenye jokofu la soda. Ni ukuta. Umesimama wima juu ya mchanga mkavu, buluu kwa ndani, na ukikaribia unasikia unadondoka, tone baada ya tone, jua linapoupiga. Mzee alinyoosha fimbo kuonyesha mahali alipopita kando ya barafu akiwa kijana. Sasa ni mchanga mtupu. Tangu ilipopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kibo limetoweka. Wataalamu wanataja joto, na pia kupungua kwa theluji mpya inayoanguka. Nimewahi kukaa na mgonjwa aliyekuwa anakata roho, na mle ukutani nilisikia ukimya wa chumba kile. Msomaji mwenzangu anasema milima ipo tu, haikimbii. Kilimanjaro utabaki, lakini nilichokigusa mimi kwa kiganja mjukuu wangu huenda asikiguse.

Kileleni sikukaa sana, labda robo saa. Nilimfikiria Luteni Alexander Nyirenda, aliyesimama palepale usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 akapandisha bendera na kuwasha mwenge. Tangu shule ya msingi nimekimbilia barabarani Mwenge ukipita Kigoma, nimeuimbia, na sikuwahi kujiuliza yule mtu alipumuaje. Halafu mzee akanigeuza bega, akaniambia nitazame magharibi. Kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya mawingu, pembetatu ya buluu, ndefu, imenyooka. Ncha yake ilielekea kwetu.

Niliporudi Kibirizi, wenzangu walikubali kila kitu isipokuwa kimoja. Kwamba jua linaunguza ngozi ya pua yangu mpaka inabambuka na hapohapo maji yanaganda, hilo walikataa. Sikuwalaumu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ile kutoka mbali akaandika habari zake, na wasomi wa Uingereza wakambeza, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wao walikuwa na vitabu vyao. Wenzangu wana pua yangu, na bado hawaamini.

Kuhusu watoto wa kusomesha: nimewasomesha. Fedha ya mlima niliitenga pembeni kama wengine wanavyotenga ya harusi au ya sare za kitchen party, na sijaona barua ikiandikwa kulaumu sare.

Ninalo ombi kwako, Mhariri. Chapisha habari za Watanzania wanaopanda, wakiwemo wale wagumu ambao wamefika juu mara nyingi kuliko mgeni yeyote. Na kwa wenzangu wa Kigoma, ambao Moshi ni mbali kwao: kusini kwetu, ndani ya Hifadhi ya Mahale, uko Nkungwe, mita 2,462, unapanda moja kwa moja kutoka ziwani, na ndugu zetu Watongwe wameuheshimu kama mlima mtakatifu tangu enzi za mababu. Wanawake saba wa VICOBA yetu tumeanza kuweka hisa kwa ajili yake. Jumapili asubuhi tunapanda kwa miguu kilima kilicho nyuma ya mji, na goti langu limeanza kuzoea.

Koti la mitumba bado ninalo, limefuliwa, liko sandukuni na soksi jozi tatu za sufu. Mwaka huu hakuna anayelitumia. Yeyote wa Kigoma anayekwenda Kilimanjaro, hata huyo mwandishi wa barua, aje Kibirizi asubuhi kabla jua halijawa kali, aulize mama wa dagaa mwenye koti. Nitampa, na dagaa kidogo wa kuwapelekea wagumu.

Wako,
Mama Zawadi
Kibirizi, Kigoma